Sulhu Bila Mwenye Haki: Uhakiki wa Vikao Vyetu vya Msamaha

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Mwaka jana tulikuwa tunasoma na wanafunzi katika kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, tumefika mlango wa diya. Tulikuwa tunahesabu kama wanavyohesabu mafakihi: jicho moja nusu ya diya, kidole ngamia kumi, jino ngamia watano, jeraha lililofichua mfupa wa kichwa ngamia watano, na jeraha lililopenya tumboni thuluthi ya diya. Kijana mmoja akanyanyua mkono, akauliza: "Sheikh, hivi yote haya analipwa nani?" Nikamjibu kuwa analipwa aliyejeruhiwa mwenyewe, na akiwa ameuawa wanalipwa warithi wake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mbona kule kwetu hulipwa wazee?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, na sababu yake nitaieleza mbele.

Makala hii ni ya kukosoa, na wa kwanza kukosolewa ni sisi tunaoitwa maimamu, masheikh na wazee wa msikiti. Kwa muda mrefu tumezoea kusimama juu ya mimbari na kuwaambia watu kwamba Uislamu ulimpa mwenye kudhulumiwa haki zake karne nyingi kabla ya sheria za wazungu. Maneno hayo ni kweli. Lakini mtu aliyedhulumiwa anapobisha hodi mlangoni kwetu, hizo haki tunazozihutubia tunampa? Au tunampa kikombe cha kahawa, aya moja ya msamaha, na bahasha?

NENO LENYEWE

Katika Kiswahili cha siku hizi mtu aliyetendewa uhalifu anaitwa mwathirika, wengine husema mhanga, wengine manusura. Mimi neno mhanga silipendi hapa, kwa kuwa asili yake linachukua maana ya kujitoa, na huyu hakujitoa, ametendewa. Mafakihi wana neno lao: majniyyun alayhi, yaani aliyefanyiwa jinaya. Neno letu jinai limetoka hukohuko. Tazama jinsi lugha ilivyotuchezea: tumechukua jinai tukamwacha majniyyun alayhi. Mahakamani pia mambo yalikwenda hivyohivyo. Tangu Kanuni ya Adhabu iliyoletwa na Waingereza Kenya na Tanganyika mwaka 1930, kosa la jinai limekuwa ugomvi baina ya Serikali na mshitakiwa, na yule aliyepigwa panga akawa shahidi tu: akiitwa anakuja, akimaliza kusema anakwenda zake, na hukumu ataisikia kwa majirani.

Katika fiqhi hali ni nyingine. Wanavyuoni wamegawa haki mafungu: haki ya Allah, haki ya mja, na zile zenye kuchanganya zote mbili. Kuua, kukata kiungo na kujeruhi yameingia zaidi katika haki ya mja, na ndiyo maana katika Suratul Israa aya ya 33 Allah (s.w.) amempa mamlaka walii wa aliyeuawa kwa dhulma, kisha akamkataza asipindukie mpaka. Mamlaka hayo amepewa walii. Hakupewa mwenyekiti wa msikiti.

MSAMAHA NI WA NANI?

Hapa ndipo penye kosa letu kubwa, na nitakaa hapa.

Hakuna anayekataa fadhila za kusamehe. Aya ya 178 ya Suratul Baqara imeufungua mlango wa msamaha katika kisasi na ikaamrisha upande mmoja ufuatilie kwa wema na upande wa pili ulipe kwa ihsani. Aya ya 40 ya Suratu Shura imemuahidi mwenye kusamehe na kusuluhisha kwamba ujira wake uko kwa Allah. Hii aya ya 40 kila kikao cha sulhu husomwa. Nimehudhuria vikao vingi na sikumbuki hata kimoja ambacho msomaji aliendelea mpaka aya ya 41 na 42, ambazo zinasema kuwa mwenye kujitetea baada ya kudhulumiwa hana lawama, na kwamba lawama iko juu ya wale wanaowadhulumu watu. Tunasoma aya moja, tunafunga msahafu, tunamgeukia mama wa watu na kumuuliza: "Haya, unasemaje?" Aseme nini tena, na ameshafahamishwa kuwa akikataa amekataa ujira wa Mola wake?

Msamaha unaozungumzwa na Qur'an ni wa mtu mwenye uwezo wa kudai haki yake kisha akaiacha kwa radhi. Mtu asiyeweza kudai hana cha kusamehe, amenyamazishwa tu. Ndiyo maana mafakihi wameshurutisha katika afwu kwamba anayesamehe awe mwenye haki, awe baleghe, mwenye akili, na asiwe amelazimishwa. Kelele za wazee saba waliomzunguka mjane mmoja chumbani si kulazimishwa? Mtu na ajiulize nafsi yake.

Ama mtoto, jambo lake ni zito zaidi. Walii wa mtoto amewekwa kuilinda haki ya mtoto, wala hana ruhusa ya kuitoa bure. Hata shilingi ya yatima hawezi kuisamehe, seuze damu yake? Katika madhehebu yetu ya Shafi, kama mrithi wa kisasi ni mtoto, muuaji hufungwa jela mpaka mtoto abaleghe aamue mwenyewe. Ibn Qudama ametaja katika Al-Mughni kisa cha Hudba bin Khashram, aliyeua mtu akaacha mtoto mdogo. Muawiya alimfunga Hudba mpaka yule mtoto akabaleghe. Walikwenda kumuombea watu wakubwa, akiwemo Hasan na Husein, wajukuu wa Mtume (s.a.w.), na Said bin Al-As. Walimwahidi kijana diya saba badala ya moja. Kijana akakataa, na hakuna aliyemwambia kuwa amekosa adabu kwa wakubwa. Sasa sisi na Hasan na Husein nani mwenye heshima zaidi, hata tukasirike mama akitukatalia?

Pia kuna jambo wengi hawalijui. Hata pale walii anaposamehe kwa haki, haina maana mtendaji anakwenda nyumbani kulala. Imam Malik katika Muwatta anasema muuaji wa kusudi akisamehewa hupigwa mijeledi mia na kufungwa mwaka mmoja. Kwa sababu pembeni mwa haki ya mja pana haki ya umma ya kuishi kwa amani.

DIYA INAINGIA MFUKO WA NANI?

Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali ombi la upande wa mashtaka kuifuta kesi ya mauaji kwa sababu familia mbili za Kiislamu zimeshapatana, na ngamia, mbuzi na vitu vya mapambo ya jadi vimeshalipwa. Habari ile ilipotoka, wengi wetu tulifurahi. Nakumbuka khatibu mmoja alisema Ijumaa ile kwamba hatimaye sheria ya Mwenyezi Mungu imetambuliwa. Nami niliitikia.

Leo nikiitazama sitoi hukumu juu ya familia zile, maana mambo yao ya ndani siyajui. Ninalokosoa ni furaha yetu. Hatukuuliza maswali ambayo mwanafunzi wa Minhaj angeuliza. Warithi ni kina nani? Je, mke wa marehemu alikuwepo? Watoto wadogo fungu lao liliwekwa wapi? Na ngamia wametoka katika zizi la nani?

Swali la mwisho nalifafanua, kwa kuwa katika sulhu za koo, hasa zile ziitwazo maslaha kaskazini mwa Kenya, mali huchangwa na ukoo mzima wa mtendaji. Watu hudhani hiyo ndiyo aqila ya kisheria. Sivyo. Aqila hubeba diya ya kuua kwa makosa na ile ya kinachofanana na kusudi, na hulipa kwa miaka mitatu. Diya ya kuua kwa kusudi haibebwi na ukoo, hutoka katika mali ya muuaji mwenyewe, tena papo hapo. Hekima yake iko wazi. Mtu akiua kusudi kisha ukoo ukamlipia, yeye kapoteza nini? Kesho atarudia, na ukoo utachanga tena. Kwa hiyo kile tunachokitetea kuwa ni sharia pengine ni ada tu iliyovikwa kanzu.

Na swali la mke lina dalili yake makhsusi. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akiona diya ni ya upande wa ukoo wa baba na mke harithi kitu ndani yake. Mpaka Dahhak bin Sufyan akamjulisha kuwa Mtume (s.a.w.) alimwandikia barua amrithishe mke wa Ashyam Ad-Dibabi katika diya ya mumewe. Umar akarejea kauli yake palepale. Hadithi hii ameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Miaka elfu na mia nne imepita tangu Umar arejee, na sisi bado hatujarejea: diya, au hicho kinachoitwa "ubani" au "pole", bado inapokewa na kaka wa marehemu na mjane anaambiwa tu kuwa mambo yamekwisha.

JAMBO TUNALOLIFICHA

Nafika sasa kwenye lile ambalo kwa sababu yake sikucheka darasani.

Mwaka 2001 nilikuwa kijana wa miaka kama thelathini, nimerudi karibuni kutoka masomoni, nikaitwa kukamilisha idadi katika kikao cha sulhu. Binti wa miaka kumi na nne, yatima wa baba, alikuwa amebakwa na mtu mzima wa mtaa ule. Mtu yule alikuwa mfadhili, mazulia ya msikiti alikuwa ameyatoa yeye. Tulikaa siku mbili, Ijumaa baada ya Alasiri na Jumatatu baada ya Isha. Nilipewa kazi ya kusoma aya. Nilisoma ile ya 40. Baba mdogo wa binti alipokea shilingi laki moja na nusu, ikasomwa dua, tukala haluwa. Binti hakuitwa. Mama yake, muuza vitumbua, alikaa nyuma ya pazia, na mtu alipomuuliza kama ameridhika hakujibu, mzee mmoja akasema kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Kauli ya Mtume (s.a.w.) juu ya bikira anayeombwa idhini ya nikaha tukaigeuza kuwa dalili ya kufukia unyama. Nami nilikuwepo, nina shahada ya Kiarabu, na sikusema kitu.

Binti alikuwa amefika juzuu ya kumi na saba katika kuhifadhi. Hakurudi madrasa.

Tutazame fiqhi inasemaje. Kwanza, mwenye kulazimishwa hana dhambi wala adhabu. Bukhari amepokea kwamba wakati wa Umar (r.a.) mtumwa mmoja wa mali ya dola alimlazimisha kijakazi, Umar akampiga yule mtumwa na kumhamisha mji, na kijakazi hakumgusa kwa kuwa alilazimishwa. Pili, kwa Malik na Shafi, mbakaji pamoja na adhabu yake anadaiwa mahari ya mfano, kama angeolewa mwanamke wa hali yake. Mahari hayo ni mali ya mwanamke. Si ya baba mdogo, si ya kamati. Abu Hanifa hawezi kukusanya adhabu na mahari pamoja, na hiyo ni ikhtilafu maarufu, lakini hakuna imamu hata mmoja aliyesema fidia inafuta adhabu.

Tatu, na hili liwe zito masikioni mwetu: Kadhi Abu Bakr Ibn Al-Arabi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 543 Hijria, anasimulia katika Ahkamul Qur'an kwamba aliletewa genge lililomteka mwanamke mbele ya mumewe. Akawauliza mamufti waliokuwa naye, wakasema hiyo si hiraba, kwa kuwa hiraba ni katika mali, si katika tupu. Akawakemea vikali, akawaambia kuwa kuvunja heshima za wanawake ni hiraba mbaya kuliko ya mali, na kwamba kila mtu angekubali mali yake inyakuliwe kuliko mkewe na bintiye. Hiraba, kama wajuavyo wasomaji, haisamehewi na walii baada ya mtu kukamatwa. Sasa tulisamehe nini sisi?

Watasema wenzangu: na hadithi za kusitiri je? Nawawi mwenyewe katika sherehe ya Sahihi Muslim ameeleza kuwa sitara inayopendekezwa ni kwa watu wa murua wasiojulikana kwa maudhi na ufisadi, katika dhambi iliyokwisha kupita. Ama anayejulikana kwa ufisadi, inapendekezwa asisitiriwe, bali apelekwe kwa mwenye mamlaka, kwani kumsitiri kunampa tamaa ya kurudia. Tena sitara ni ya dhambi ya mtu baina yake na Mola wake. Dhulma iliyo juu ya mwili wa mtu mwingine ina mwenyewe. Ukiisitiri umeiba.

Sulhu nayo ina mpaka wake. Hadithi aliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi imeipitisha sulhu baina ya Waislamu isipokuwa ile yenye kuhalalisha haramu au kuharamisha halali. Sheria za nchi zetu kwa hili zinafanana na fiqhi kuliko tunavyofanana sisi. Tanzania Bara, kifungu cha 163 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaruhusu mahakama kuhimiza suluhu katika makosa madogo ya kibinafsi, sio makosa makubwa. Kenya, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 haikuacha uamuzi wa kusimamisha kesi mkononi mwa familia wala polisi. Na katika nchi zote mbili kupokea malipo ili kuficha kosa kubwa la jinai ni kosa peke yake. Kwa hiyo siku ile ya haluwa tulikuwa tumevunja sheria mbili, ya mbinguni na ya ardhini.

MASAA SABINI NA MAWILI

Kuna jambo la kidaktari ambalo kila imamu analazimika kulijua. Dawa ya kumkinga aliyebakwa asiambukizwe virusi vya Ukimwi inatakiwa ianze ndani ya masaa 72, na kila ikiwahi ndiyo bora. Hesabu sasa. Ijumaa Alasiri mpaka Jumatatu Isha ni zaidi ya masaa 72. Yaani sisi, kwa kungoja mjumbe mmoja arudi safari, tulimnyima yule binti kinga. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio matano ya sharia, mtoto wa darasa la pili anayajua.

La pili ni josho. Kina mama zetu kwa huruma humwambia mwanamke akaoge haraka atoharike, na nguo zake zifuliwe. Ushahidi wote unakwenda na maji. Mafakihi wanasema ghusli ya janaba si wajibu wa papo kwa papo, bali huwajibika mtu anapotaka kusimama kuswali. Basi na aende hospitali kwanza na nguo zilezile, au azibebe katika mfuko wa karatasi. Na wakati wa swala ukimbana kabla hajapimwa? Madhehebu yamejuzisha tayammamu kwa mwenye kuchelea kupotea mali yake akienda kutafuta maji. Mimi naona, na naomba wanavyuoni wanisahihishe nikikosea, kuwa haki ya huyu haiko chini ya mali, basi atayammamu na aswali, na akitaka kuchukua hadhari aikidhi swala yake baada ya kuoga.

Na mahali pa kwenda papo. Polisi Tanzania wana Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya matibabu huitwa PF3. Kenya huitwa P3. Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na mshauri nasaha hukaa chini ya paa moja ili mtu asizungushwe kueleza aibu yake ofisi tano. Imamu asiyejua kituo kilicho karibu naye kiko mtaa gani na akaulize leo.

SERIKALI NAYO

Nisije nikaeleweka kuwa nasema ukishafika kituo cha polisi mambo yamekwisha. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na ikaagiza pia mahakama imuamuru alipe fidia. Kifungu cha 348 cha Mwenendo wa Makosa ya Jinai nacho kinazungumza fidia. Lakini fidia inayongoja mfungwa alipe ni kama deni la maiti asiyeacha mali. Kenya wamepiga hatua: Katiba ya 2010, ibara ya 50, iliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda walioathirika na uhalifu, ikatoka sheria hiyo mwaka 2014, yenye bodi yake na mfuko wake. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kenya ikathibitisha kuwa aliyeathirika anaweza kushiriki kesini, kwa kiasi atakachoona hakimu, bila ya kuwa mwendesha mashtaka wa pili. Majniyyun alayhi amerudishiwa kiti.

Nchi za Magharibi zilikuja kuligundua hili kwa kuchelewa. New Zealand ndiyo iliyotangulia, fidia ya dola kwa waliojeruhiwa na wahalifu ilianza huko tarehe 1 Januari 1964, Uingereza ikafuata mwaka huohuo, na Umoja wa Mataifa ukatoa azimio lake Novemba 1985. Sasa linganisha na Khaybar. Abdullah bin Sahl, Answari, alikutwa ameuawa na muuaji hakujulikana. Ndugu zake walikuja Madina, Mtume (s.a.w.) akawasikiliza, akawapa nafasi ya kuapa kiapo cha qasama, wakakataa kuapia wasichokiona. Hakuwaambia basi subirini Akhera. Aliwalipa ngamia mia, na katika riwaya nyingine ni ngamia wa sadaka. Mpokezi wa hadithi, Sahl bin Abi Hathma, anasema mmoja wa ngamia wale alimpiga teke zizini. Mimi neno hilo la teke hulipenda sana, kwa kuwa linathibitisha kuwa malipo hayakuwa ahadi. Ngamia walifika.

Na yule msichana aliyepondwa kichwa kwa mawe kwa ajili ya mapambo yake, katika hadithi ya Anas, aliulizwa yeye mwenyewe, naye yu katika kukata roho: fulani ndiye? Fulani? Mpaka lilipotajwa jina la muuaji akaashiria kwa kichwa. Hakujibiwa kwa niaba yake.

Basi kabla ya kuilaumu Serikali kwa kukosa mfuko, tuulize msikiti una nini. Tuna kamati ya mazishi, ya Maulidi, ya futari. Zaka ina fungu la mafukara, masikini na wenye madeni, na mtu aliyekatwa mkono na majambazi akapoteza kibarua chake ameingia humo bila shaka. Nauli ya kwenda mahakamani mara sita, maana kesi huahirishwa, nani anamlipia mama? Msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo una sheria yake, Kenya tangu 2016 na Tanzania tangu 2017, lakini lazima pawepo mtu wa kumshika mkono mpaka kwenye mlango huo.

Katika msikiti ninaoswalisha tumekubaliana, baada ya maneno mengi, kuwa kamati haitaitisha kikao juu ya damu, ubakaji au mtoto. Kazi yetu ni kumsindikiza mtu hospitali na kituoni siku hiyohiyo, na mmoja wa kina mama awe naye. Ugomvi wa mipaka, madeni na matusi tunaendelea kuusuluhisha. Mjumbe mmoja aliuliza tutafanya nini mtendaji akiwa mfadhili. Nikamwambia tutaswali juu ya mikeka.

Ama mimi, haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake, bali kwa mwenyewe kukusamehe. Mwezi wa Shaaban uliopita nilikwenda kwa yule mama. Amezeeka, bado anapika vitumbua. Nilimweleza nilichojia, nikamuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Sheikh, haki hiyo si yangu mie. Mwenyewe yupo." Nikaona kuwa mama huyu ameufahamu mlango wa afwu kuliko kikao kizima cha mwaka 2001. Binti, ambaye leo ni mama wa watoto, nimempelekea ujumbe kupitia kwa dada yake. Mpaka naandika haya jawabu halijafika, wala sina haki ya kumharakisha.

Wallahu aalam.